Kufunga Geji ya Presha ya Oili Kwenye Pikipiki ya Zamani: Mwongozo Kamili

Taa nyekundu ya oili huchelewa kusema. Kwenye Triumph ya mwaka 1970, Honda CB750 au BMW R75/5, swichi huizima taa hiyo presha ikipanda psi (pauni kwa inchi ya mraba) chache tu, mara nyingi chini ya 10. Injini hiyohiyo ikiwa mwendoni inahitaji psi 50 au zaidi. Presha ikianguka kutoka 65 hadi 15 ukiwa katikati ya msitu wa Mabira, Uganda, taa haiwaki, nawe unaendelea kukata lami kuelekea Jinja huku krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ikilika. Geji ingekuonyesha anguko hilo tangu mwanzo. Hata hivyo, geji iliyofungwa vibaya nayo huua injini, kwa sababu kila kiungio unachoongeza ni mlango mpya wa oili kutokea. Ndiyo maana hapa tutakaa zaidi kwenye nyuzi, hozi na viungio kuliko kwenye geji yenyewe.

Ijue injini kabla ya kununua chochote

Presha hutokana na ukinzani. Pampu inasukuma oili, na oili inabanwa ikipita kwenye nafasi nyembamba kati ya krenki na beringi. Beringi zisizo na gololi wala rola huishi kwa utando huo wa oili peke yake. Utando ukikatika, chuma hugusana na chuma na kazi imekwisha ndani ya dakika chache. Injini za aina hii ndizo zinazostahili geji: Triumph za silinda mbili za cc 500 na 650, Norton Commando, BSA A10 na A65, Honda CB750 (iliyotoka mwaka 1969) na mdogo wake CB500 Four, na BMW kuanzia familia ya /5 ya mwaka huohuo wa 1969.

Krenki ikiwa imekaa juu ya gololi au rola, na konrodi vilevile, mambo ni tofauti. Kawasaki Z1 na Suzuki GS750 huendesha maisha yao yote kwa presha ya psi chache, na hazina tatizo lolote. Ukizifungia geji ya 0 hadi 100, sindano itakaa karibu na sifuri, na utakesha bila sababu. Kwa hizo tafuta geji ya 0 hadi 15, au ziache zilivyo. BMW za kabla ya 1969, kama R50 na R60/2, nazo zina krenki ya rola. BSA M20 ya jeshi la Waingereza ni vilevile. Honda CG125 na Boxer za boda ziko kundi hili pia. Yamaha za DT na nyingine zinazochoma oili pamoja na petroli hazina presha ya kupima kabisa.

Mahali pa kuchota presha

Chota presha baada ya pampu na kabla ya beringi. Mahali rahisi kuliko pote ni tundu la swichi ya taa, kwa kuwa kiwanda kilishakuchagulia. Kwenye Triumph za 1969 na kuendelea, swichi iko mbele ya kifuniko cha gia za taimingi, upande wa kulia. Honda CB750 na BMW nazo zina swichi kwenye njia ya presha.

Kuna mtego hapa unaowanasa wengi. Kwenye Triumph, kibomba chembamba kinachopanda kwenye roka (mikono inayosukuma vali) hapo juu kinaonekana kama kimetengenezwa kwa ajili ya geji. Usikiguse. Kibomba hicho kinalishwa na oili inayorudi kwenye tangi, si ile inayosukumwa kwenda kwenye krenki. Geji itaonyesha kidogo sana hata kama injini ni mpya, na mbaya zaidi, haitashuka siku krenki inapokosa oili. Kwenye Norton Commando ni kinyume: kibomba cha roka kinatoka upande wa presha, na kuunganisha tii (kiungio cha njia tatu) hapo ni sahihi kabisa.

Kama Triumph yako ni ya kabla ya 1969 na kifuniko hakina tundu la swichi, kifuniko lazima kitoke, kitobolewe mezani, kisha kioshwe mpaka ndani ya kila njia ya oili. Usitoboe kikiwa kwenye injini hata kidogo. Unyuzi mmoja wa alumini ukiingia kwenye krenki unatosha kuchana beringi. Kitundu cha nyuzi za 1/8 NPT (nyuzi za bomba za Kimarekani) hutobolewa kwa biti ya karibu milimita 8.5, cha 1/8 BSP (za Kiingereza) iliyonyooka, milimita 8.8. Ukuta ukiwa mwembamba, mtafute fundi anayechomelea alumini kwa gesi ya agoni akuongezee unene kwanza.

Nyuzi: hapa ndipo vifuniko vinapopasuka

Nyuzi tatu zinafanana kwa macho, na zinaua alumini zikichanganywa. 1/8 BSP ina nyuzi 28 kwa inchi na kipenyo cha nje cha milimita 9.7. 1/8 NPT ya Kimarekani ina nyuzi 27 kwa inchi na kipenyo cha zaidi kidogo ya milimita 10. Ya tatu ni M10 yenye hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 1. BMW za /5 hazimo humo. Zao ni M12 yenye hatua ya 1.5. Honda na Wajapani wengine kwa kawaida ni 1/8 BSP ya kuchongoka.

Kuchongoka nako kuna hesabu yake. Nyuzi za kuchongoka hunenepa kadiri unavyokaza, kama kabari. Ukizikaza ndani ya tundu la nyuzi zilizonyooka, kifuniko hupasuka kuanzia ukingo wa tundu, na mpasuko wenyewe unaweza kujificha mpaka injini ipate moto. Triumph walitumia swichi za aina zote mbili katika kipindi kimoja, kwa hiyo mwaka wa pikipiki haukupi jibu. Ing'oe swichi ya zamani, pima kwa kalipa mwanzoni na mwishoni mwa nyuzi. Vipimo vikitofautiana, ni ya kuchongoka. Vikilingana, imenyooka na inahitaji washa ya shaba ili kuziba. Angalia pia kama aliyekutangulia alilazimisha swichi isiyo yake, jambo la kawaida kwa pikipiki iliyopita mikono mingi. Kiungio sahihi cha kuchongoka huingia kwa vidole mizunguko mitatu hadi minne kabla ya kuomba spana. Kikigoma kwenye mzunguko wa kwanza, hicho si chake.

Vifaa

Nunua geji ya kimekanika yenye gliserini ndani, ya 0 hadi 100 psi (0 hadi 7 kwa vipimo vya bar, bar 1 ni psi 14.5), kipenyo cha milimita 40 hadi 63. Gliserini huituliza sindano dhidi ya mtetemo, na pikipiki za Kiingereza zinatetemeka kwelikweli. Geji kavu ya gari hufa ndani ya miezi. Geji hizi za gliserini hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya pampu za maji na haidroliki, si lazima ziitwe za pikipiki.

Kabla ya kuifunga, ipeleke kwa fundi wa pancha mwenye kompresa. Iunganishe na uilinganishe na geji ya kompresa kwenye 20, 40 na 60. Tofauti ya psi 2 au 3 inavumilika. Angalia pia sindano inakaa wapi bila presha. Geji iliyofungwa kiwandani usawa wa bahari, ikifika Kampala kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200, hukaa kama psi 2 chini ya sifuri, kwa sababu hewa iliyonaswa ndani inaizidi ya nje. Kabale inakaribia 3. Geji si mbovu. Inua kwa sekunde chache kizibo kidogo cha mpira kilicho juu yake, hewa itoke, kisha kirudishe. Ifanye kazi hii geji ikiwa imesimama wima, gliserini isimwagike.

Hozi iwe ya waya wa stenlesi yenye bomba la PTFE (plastiki ya Tefloni) ndani, upana wa ndani wa karibu milimita 3, aina ileile inayotumika kwenye breki za pikipiki za mashindano. Mafundi wa hozi za haidroliki Kampala wanaweza kuikata na kuifunga viungio kwa kipimo chako. Epuka hozi ya breki ya mpira iliyotoka kwenye gari. Mpira wake wa ndani umetengenezwa kwa mafuta ya breki, na ukikutana na oili ya injini huvimba, hulainika, kisha hupasuka. Hozi ya petroli haifai hata kwa majaribio ya dakika tano. Kibomba cha plastiki kinachokuja na geji za bei rahisi huyeyuka kikigusa ekzosi. Cha shaba hukakamaa kwa mtetemo na kukatika penye kiungio. Ukilazimika kukitumia, kizungushe duara mbili za upana wa glasi karibu na injini ili mtetemo uishie humo.

Mengine ni haya: tii ya brasi ya 1/8 ikiwa unataka kubakiza taa (ibakize), kipunguza mtiririko, klipu za chuma zenye mpira, gundi ya maji ya kuzibia nyuzi, na kizibo kimoja cha nyuzi zilezile za injini yako. Viungio usivyovipata Soko la Kisekka, mafundi wa kukereza wa Katwe wanavitengeneza kwa brasi wakipewa sampuli. Wape swichi yenyewe mkononi. Mchoro peke yake usiutegemee.

Kipunguza mtiririko ni kitundu chembamba kinachokaa upande wa injini, kwenye tawi linalokwenda kwenye geji. Oili haitembei kwenye hozi hii, inasukuma tu, kwa hiyo kitundu cha milimita 0.8 hakibadilishi usomaji. Kinafanya kazi mbili. Kwanza kinatuliza sindano, kwa kuwa pampu ya Triumph ni ya pistoni na presha yake hudunda kama mapigo ya moyo. Pili, hozi ikipasuka kwenye psi 60, utapoteza takriban nusu lita kwa dakika badala ya tangi zima kwa mara moja, na utakuwa na muda wa kuzima injini na kusimama. Jeti ya kabureta ya Keihin namba 80 ina tundu la milimita 0.8 hasa, fundi wa kukereza anaweza kukata nyuzi za jeti hiyo ndani ya kiungio.

Kufunga

Injini iwe baridi. Osha eneo lote kwa mafuta ya taa na brashi, kisha puliza hewa. Vumbi la murram lililogandana na oili kuukuu ni msasa, na tundu litakuwa wazi kwa muda. Weka karai chini, ng'oa swichi kwa spana ya saizi yake kamili, usitumie praya.

Kwa nyuzi za kuchongoka, paka gundi kuanzia uzi wa pili, uache wa kwanza mkavu. Tepu nyeupe ya mafundi bomba inafanya kazi, lakini vipande vyake vikikatika huingia kwenye njia ya oili. Ukiitumia, iwe mizunguko miwili tu kwa mwelekeo wa kukaza, na isiguse uzi wa kwanza. Kaza kwa vidole mpaka mwisho, kisha kwa spana mzunguko mmoja hadi mmoja na nusu. Basi. Ikiwa tii haijaelekea unakotaka, ing'oe na uanze upya na gundi mpya. Kuirudisha nyuma robo mzunguko ili ikae vizuri kwa macho ndiyo njia ya uhakika ya kupata uvujaji.

Usifunge geji moja kwa moja juu ya tii kwenye injini, ingawa inapendeza. Uzito wake kwenye mkono mrefu unatikisika mamilioni ya mara na kuvunja nyuzi za alumini. Joto la injini pia huitanua gliserini, presha ndani ya kasha inapanda, na geji inasoma chini ya ukweli wakati uleule unapouhitaji. Peleka geji kwenye usukani au karibu na mita ya kasi, na hozi ibebe umbali huo.

Pima njia ya hozi kwa kamba kabla ya kuagiza. Ipite kando ya bomba la fremu, angalau sentimita 5 kutoka kwenye ekzosi, ifungwe kwa klipu kila sentimita 20 hivi. Karibu na shingo ya usukani iachie nafasi: geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, hozi isivutike wala kukunjika. Waya wa stenlesi hula rangi na hata fremu ukisugua, kwa hiyo uvishe mpira wa tyubu ya baiskeli kila unapogusa kitu. Usiipitishe juu ya tairi la nyuma. Shikilio la geji nalo liwe na mpira chini yake.

Upande wa umeme, swichi ya taa hupata ethi (njia ya umeme kurudi) kupitia mwili wake uliogusa injini. Tepu nyingi ikiutenga mwili huo, taa haitawaka kamwe, hata presha ikiwa sifuri, na utadhani kila kitu ni salama. Washa umeme kabla ya kuwasha injini. Taa isipowaka, ongeza waya wa ethi kutoka kwenye tii mpaka kwenye boliti ya injini.

Kuwasha mara ya kwanza

Ijaze hozi oili kwa sindano ya dawa kabla ya kuiunganisha na geji. Hewa iliyobaki haiharibu kitu, ila sindano inakuwa mvivu. Toa plagi zote, zima umeme, na piga kiki mpaka oili ionekane kwenye nati ya geji uliyoiachia legelege. Inaweza kuchukua kiki 20 hadi 30. Kaza nati, rudisha plagi, washa. Ndani ya sekunde chache sindano lazima ipande. Isipopanda ndani ya sekunde 10, zima. Usivute eksileta ukidhani utaisaidia.

Pitisha karatasi nyeupe kila kiungio injini ikiwa inanguruma, kisha zima na upitishe tena ikiwa moto. Endesha kilomita 10, angalia tena. Baada ya siku moja, tena.

Kusoma sindano

Kitabu cha Triumph 650 kinataka psi 65 hadi 80 mwendoni, na 20 hadi 25 injini moto ikinguruma bila kupewa mafuta. Honda CB750 inatakiwa iwe karibu psi 57 kwenye mizunguko 4,000 oili ikiwa moto. Namba hizi ni za injini mpya, na injini ya miaka 50 haitazifikia zote. Namba za pikipiki yako mwenyewe zina uzito zaidi. Chukua daftari uandike nne: baridi mara tu ya kuwasha, moto kwenye mngurumo wa chini, moto kwenye mizunguko 3,000, na mngurumo wa chini baada ya jamu ndefu. Safari ya Kampala hadi Entebbe, kama kilomita 40, inaipasha oili vya kutosha. Andika pia aina ya oili. Hesabu za 20W-50 hazilinganishwi na za oili nyepesi.

Asubuhi sindano ikigusa 80 au kupita, ni oili nzito ya baridi, isikutishe. Kwenye jamu ya saa kumi na moja jioni, injini ya kupozwa na hewa ikiwa imesimama, itashuka sana. Hilo ni la kawaida mradi inarudi juu ukianza kutembea. La kuogopa ni mngurumo wa chini uliokuwa 18 mwezi uliopita, leo ni 9, kwa oili ileile na joto lilelile.

Ikishuka polepole kwa miezi, beringi zinaisha, au kwenye Triumph ni sili ndogo ndani ya kifuniko cha taimingi, pale oili inapoingia kwenye ncha ya krenki. Anza na sili kabla ya kufungua injini, maana ni ya bei ndogo na huchakaa au kupinduka wakati wa kufunga kifuniko. Ikishuka ghafla ndani ya siku mbili tatu, nusa oili. Ikiwa na harufu ya petroli na nyepesi vidoleni, floti ya kabureta inapitisha usiku. Tengeneza floti, badilisha oili, na presha itarudi. Ikianguka mpaka sifuri kwa mpigo mmoja, kwenye Triumph mara nyingi uchafu umekaa chini ya kigololi cha vali ya pampu. Zima hapohapo. Ikiwa chini siku zote, baridi na moto, fungua vali ya kupunguza presha: pistoni yake inaweza kuwa imekwama wazi au springi imechoka. Ikipita 90 hata injini ikiwa moto, vali hiyohiyo imekwama imefungwa. Sindano ikiganda mahali pamoja bila kujali mwendo, sababu ni matope ndani ya kitundu cha milimita 0.8, kitoe na ukipulize.

Kila badiliko la oili, kagua hozi mwanzo hadi mwisho, hasa penye klipu na penye shingo ya usukani. Kile kizibo ulichonunua kifunge kwenye mkoba wa vifaa pamoja na spana yake na chupa ya lita moja ya oili. Hozi ikipasuka Kapchorwa, zima, subiri ipoe, ng'oa tii, ziba tundu, jaza oili, nawe utafika nyumbani bila geji lakini na injini nzima.